Mchoro wa Jicho la Gollo

Kama uliugua macho Garsen miaka ile, ulipita mikononi mwa Mbodze Kaingu, na ukipita mikononi mwake lazima ukaripiwe. Hakuwa na simile. "Usipepese. Nimesema usipepese. Kwani nimekutia pilipili?" Mbele yake wagonjwa walimwita Sista Macho. Nyuma yake walimwita Penseli, kwa sababu haikupita siku bila penseli kuchomoza kwenye nywele zake, imechongwa kwa wembe wa hospitali hadi ncha ikawa ya kumchoma mtu. Jina hilo la pili alilijua na akajitia hamnazo.

Alizaliwa upande wa Tarasaa, kwa wazazi Wagiriama waliopanda kutoka kusini kutafuta ardhi, wakafyeka, wakapanda mahindi na mikorosho, wakatulia. Alipokuwa darasa la nne alichapwa kwa kuchora sikio la mwalimu nyuma ya daftari la hesabu. Wanaokumbuka husema sikio lilikuwa limekaa sawasawa, hata ule mchaniko wa juu ulikuwemo, na nadhani hicho ndicho kilichomuuma mwalimu. Alisomea unesi, akaolewa na Gunga, mkulima wa mpunga asiye na maneno mengi, akazaa watatu, kisha akapelekwa Mombasa kwa kozi ya macho. Huko mzee mmoja aliyewafundisha alimpa neno ambalo Mbodze alilishika kuliko yote ya vitabuni. Chora unachokiona, alimwambia, usichore unachokijua. Alirudi nalo Garsen na akalirudiarudia mpaka Gunga akamwomba apumzike.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa baraza ya kituo cha afya, dirisha limezibwa kwa blanketi jeusi. Mgonjwa alikaa kitini, akatiwa matone ya kutanua mboni, akangoja. Kisha Mbodze alimsogelea uso kwa uso na tochi yake ndogo ya kuchungulia jicho. Nyuma kabisa ya jicho, pale unapoanzia mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo, kuna duara dogo la rangi ya waridi, mfano wa kisahani. Katikati ya kisahani pana shimo jeupe. Kwa mwenye afya shimo ni dogo na ukingo ni mpana. Kwa mwenye glakoma, ambayo watu wetu huiita presha ya macho, shimo hula ukingo kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na ukingo ukiisha mtu ameshakuwa kipofu wala hakuna wa kumrudishia. Ugonjwa wenyewe hauumi. Hautoi machozi wala tongo. Mgonjwa anaweza kukuapia kwamba haoni tofauti yoyote.

Ndiyo maana Mbodze alichora. Alichora kisahani, akachora shimo, akachora mishipa ya damu jinsi inavyojikunja inapovuka ukingo, akaandika tarehe. Miezi sita baadaye alichora upya, akaiweka michoro miwili sambamba na kutazama kama shimo limesogea. Kamera hakuwa nayo. Alikuwa na daftari kubwa jekundu lenye macho ya watu wa vijiji vya mtoni, kuanzia Wenje hadi Ozi, na alilipenda daftari lile kuliko mtu mzima anavyopaswa kupenda karatasi.

Gollo aliletwa na mkewe Sabdio mwezi wa saba mwaka 1996. Alikuwa Muorma wa makamo, mrefu, mfugaji tangu utotoni, na jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa bila yeye kujua. Usicheke. Mfugaji hutembea nyuma ya ng'ombe, na ng'ombe wanaijua njia ya mtoni kuliko yeye. Miaka yote ile walimwongoza huku akidhani yeye ndiye anayewaongoza. Aligutuka siku mtamba alipomjia kutoka kulia akamsukumia mtaroni mbele ya watu.

Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona, ila presha ilikuwa juu. Mbodze alimwandikia matone ya asubuhi na jioni, akamwambia asiyaache hata siku moja, kisha akauchora ule mshipa. Shimo lilikuwa nusu ya kisahani. Ukingo wa chini ulikuwa mnene, mzima, haujaguswa. Mbodze alifurahi kuuona.

"Hii ni nini, sista?" Gollo aliuliza, akiinamia daftari.

"Jicho lako."

"Jicho yangu iko hapa." Akaligusa.

"Hii ni alama yake, Mzee Gollo. Ukija tena nitachora nyingine, nijue kama limebadilika."

Gollo alifikiri. "Basi nipe mimi pia. Mimi nikiacha ng'ombe kwa mtu, ng'ombe inakaa kwake, lakini alama yake inakaa na mimi. Siku ya maneno hatugombani."

Hakuna mgonjwa aliyewahi kumwomba hivyo, na Mbodze hakupenda kufundishwa kazi. Hata hivyo alichomoa karatasi ya kaboni kwenye kitabu cha risiti, akaitia kati ya kurasa mbili, akachungulia upya, akachora upya. Mstari mmoja ukatoka mara mbili, wa penseli juu na wa buluu chini. Ule wa juu ukabaki daftarini. Ukurasa wa buluu Gollo aliukunja, akampa mkewe, na Mbodze akausahau kabla hawajafika langoni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, ikaja mvua ya Elnino, na aliyekuwako hahitaji kusimuliwa. Mto ulitoka mahali pake ukaja kuishi na watu. Barabara ya Malindi ilikatika, Garsen ikawa kisiwa, unga ukaletwa na helikopta. Boma la Gollo lilichukuliwa lote na nusu ya mifugo yake ikaenda na maji. Matone yalimwishia wiki ya pili ya mafuriko, na alikaa miezi minne bila hata tone moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfikia. Kituoni maji yalipanda hadi dirishani. Mbodze aliokoa friji ya chanjo na akina mama wawili waliotoka kujifungua, na sidhani yupo wa kumlaumu kwa kutokumbuka daftari. Alilikuta baada ya wiki tatu, chini ya tope. Alipolifungua lilikuwa uji.

Alilia. Alimwambia Gunga kwamba ni tope lililomwingia machoni, naye Gunga, mtu mwenye busara zake, akakubali.

Gollo alijikokota hadi kituoni mwezi wa tatu mwaka 1998. Nje walikuwa wamepanga foleni watu arobaini wenye malaria. Betri za tochi zilikuwa zinakata roho. Mbodze alichungulia lile jicho la kushoto kwa haraka, akaona shimo kubwa, akampa matone, akamwambia arudi. Hakuchora. Alijaribu kukumbuka shimo lilikuwaje mwanzo, hakukumbuka vizuri, na foleni ikampigia kelele.

Wiki hiyohiyo ikaja barua. Daktari Liban, bingwa wa macho kutoka Mombasa, angefika mwezi wa nne na kamera, na alitaka aone rekodi zote za wagonjwa wa presha ya macho. Mbodze aliisoma barua mara mbili. Alichukua daftari jipya. Kwa alasiri tatu mfululizo alijifungia chumbani na kuchora macho ishirini na matatu kutoka kichwani, na kila mchoro akaupa tarehe yake ya zamani.

Mimi simtetei. Naeleza tu jinsi ilivyokuwa. Aliona aibu kumpokea bingwa mikono mitupu, na pia aliwaonea huruma wagonjwa wake, maana mwenye ugonjwa huu asiye na mchoro wa nyuma ni kama mtu asiyekuwa na jana. Tena alikuwa na majivuno. Alijua mkono wake na alijua kumbukumbu yake, akaamini vinatosha. Mahali popote hakuandika kwamba michoro hiyo ni ya kukumbuka.

Daktari Liban alikuja, kijana mpole mwenye miwani, akapiga picha. Alipiga kila jicho mara mbili, kamera ikisogezwa kidogo, ili ukizitazama picha zote mbili pamoja kwenye lenzi maalumu kisahani kiinuke na shimo lididimie kama unavyoona kitu halisi. Mbodze alizitazama na akakiri moyoni kwamba ni nzuri. Hakukiri kwa sauti.

Basi ukafika mwezi wa sita mwaka 1999, na ndipo yalipotokea ya kutokea. Hospitali ya Mombasa ilikuwa imeazimwa mashine mpya ya leza ya kupima mshipa wa jicho, na Daktari Liban alitaka kulinganisha njia zote tatu, yaani mchoro wa mkono, picha za kamera na leza. Alitaka kujua ipi inaonyesha mapema zaidi kwamba ukingo unaliwa, na kama bado kuna haja ya wauguzi wa mbali kuendelea kuchora. Aliwaita wauguzi wa macho wa pwani nzima, kila mmoja na wagonjwa sita. Mbodze alichagua watu wake, Gollo akiwa wa kwanza. Walisafiri katika msafara wa mabasi uliosindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, Sabdio akiwa amekaa karibu na mumewe upande wa kulia, upande asiouona, kama alivyozoea.

Jambo la Gollo halikuwa mchezo. Jicho lilikuwa moja. Daktari Liban alimweleza Mbodze pembeni, bila kuzungusha maneno. "Presha yake kwa matone iko katikati, haiko juu wala haijashuka vya kutosha. Nikimpasua bila sababu, naweza kumpofusha kwa mkono wangu. Nisipompasua na huku mshipa unaliwa, atapofuka tu, itachukua muda mrefu zaidi. Nataka kujua kitu kimoja. Ukingo umesogea au haukusogea?"

Walianza na kipimo cha kuona pembeni, kile cha kubonyeza kitufe. Mgonjwa huingiza uso ndani ya bakuli kubwa jeupe, hutazama nukta moja katikati, na taa ndogo ikiwaka pembeni hubonyeza bila kuhamisha jicho. Gollo alishindwa kabisa. Kila taa ilipowaka aligeuza jicho kuitafuta. Walimweleza mara tatu.

"Sasa kama kitu inatembea huko pembeni, mimi nisitazame?" akauliza kwa mshangao wa kweli. "Na kama ni fisi?"

Kipimo kikawekwa kando.

Leza ndiyo iliyofuata. Gollo aliweka kidevu juu ya kibao, mwanga mwekundu ukapita, na baada ya muda mfupi kwenye kioo kikatokea kisahani chake cha rangi rangi, na chini yake alama nyekundu ya ugonjwa. Wauguzi wakanung'unika kwa pamoja. Daktari Liban alitabasamu, akamwita dereva wa hospitali, kijana mwenye macho ya tai, akamkalisha palepale. Naye alama nyekundu.

"Mshipa wa dereva ni mzima, nimeuangalia mwenyewe," alisema. "Ila kisahani chake ni kikubwa kwa kuzaliwa, na kisahani kikubwa huja na shimo kubwa. Mashine hii imefundishwa kwa macho ya watu wa mbali, wenye visahani vidogo. Miaka ijayo itatusaidia sana, maana inapima kwa usahihi ambao mimi siuwezi. Leo inanipa kipimo cha leo tu. Mimi nataka cha zamani."

Zikaja picha. Ya Aprili mwaka jana na ya asubuhi ile ziliwekwa kwenye meza yenye taa chini yake. Ya mwaka jana ilikuwa na ukungu kidogo. Shimo lilikuwa kubwa katika zote mbili. Chini ya kisahani, kwenye ile ya sasa, palionekana mahali ukingo umebonyea, ila huenda ni ukungu wa ile ya kwanza uliokuwa unaficha. Daktari alizitazama kwa muda mrefu. "Zinakaribiana," alisema mwishowe. "Lakini kamera inaanza mwaka jana. Sista Mbodze, lete mchoro wako."

Mbodze alifungua daftari jipya, ukurasa wenye tarehe ya mwezi wa saba 1996, akalitua juu ya meza.

Daktari aliinama. Alitazama mchoro, akatazama picha, akarudi kwenye mchoro. Kisha akawaita wauguzi wote wasogee. "Njooni muone kazi ya mkono," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Mchoro wa mwaka 1996 na picha ya mwaka 1998. Shimo lilelile. Angalieni hata mshipa huu wa damu unavyopinda. Huyu mgonjwa amekaa miaka mitatu bila kusogea. Hatumgusi. Aendelee na matone yake."

Muuguzi wa Malindi alimpigapiga Mbodze begani. Gollo, aliyekaa kwenye benchi la ukutani na mkewe, alielewa neno moja tu, kwamba hakuna kisu, akainua mikono kumshukuru Mungu. Kila mtu pale alikuwa na raha.

Mbodze alikodolea macho ile picha na ule mchoro vilivyolala bega kwa bega, na alijua kwa nini vimefanana. Mchoro ule aliuchora Machi mwaka 1998, siku chache tu baada ya kulichungulia jicho kwa tochi inayokata roho. Aliandika tarehe ya zamani juu ya jicho jipya. Kumbukumbu aliyoiamini ilikuwa ya wiki ile ile. Kile walichokisifu kilikuwa ushahidi dhidi yake, na jicho la kwanza, lile la kabla ya mafuriko, hakuna aliyekuwa nalo.

Chakula cha mchana kilipoletwa, pilau ya kuku, hakukigusa. Alijaribu kujitetea kwa kila njia. Labda lilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo. Labda anajitisha bure. Gollo mwenyewe hataki kupasuliwa, na mwenye jicho kafurahi, yeye ni nani wa kumharibia? Na akisema, wataacha kumwamini, na mbele ya wauguzi wa pwani nzima mchoro wa mkono utakuwa kichekesho. Ile furaha aliyoiona 1996 alipoutazama ukingo wa chini ndiyo iliyomkatalia. Hakuweza kuuchora tena ule ukingo, lakini alikumbuka kwamba ulimfurahisha. Huu wa daftarini usingemfurahisha mtu yeyote.

Alipiga moyo konde, akasimama. Alimkuta daktari mezani bado, na Gollo na Sabdio benchini wakingoja karatasi zao.

"Daktari, mchoro ule si wa mwaka 1996."

"Unasemaje?"

"Nataka niseme mbele yake." Alimgeukia Gollo. "Mzee Gollo, daftari lako lilikufa kwenye maji. Nikachora jingine kutoka kichwani baada ya wewe kurudi, nikaandika tarehe ya zamani. Nimemdanganya daktari. Nimekudanganya na wewe."

Daktari Liban alivua miwani. Hakufoka, na Mbodze angependa afoke. "Wagonjwa wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Wote?"

"Wote, daktari."

Alizipangusa lenzi za miwani ambazo hazikuwa na vumbi. "Nilikuwa nimrudishe nyumbani," alisema taratibu. "Kwa huo mchoro nilikuwa nimrudishe nyumbani. Sasa sina kitu cha kulinganisha."

Gollo alikuwa ameinamisha kichwa, akilipima jambo. "Kwa hiyo alama ya jicho ulipoteza," akamwambia Mbodze.

"Niliipoteza."

"Yako ulipoteza. Yangu iko."

Mbodze hakumwelewa. Akamwona Gollo akitia mkono ndani ya kanzu na kuvuta kamba ya shingoni. Kwenye ncha ya kamba palining'inia kijifuko cha ngozi, kimeshonwa pande zote nne, kimeng'aa kwa jasho. Sabdio aliruka akaushika mkono wa mumewe.

"Hiyo haifunguliwi!" alisema. "Hiyo ndiyo inashika jicho!"

Ilichukua muda kueleweka, na huku wanaeleweshana Sabdio hakuuachia mkono. Ile karatasi ya buluu, aliyopewa na mumewe siku ile ya kwanza, aliiona ina duara ndani ya duara na maandishi pembeni, na imetoka kwa mtu wa macho. Akaitambua kuwa ni hirizi. Akaikunja mara nne, akaifunga kwa plastiki, akaishonea ngozi ya ndama, akamvika mumewe. Gollo alijua si hirizi. Lakini mtu hagombani na mkewe kwa jambo la heri, na tena ilikuwa inahifadhi alama yake. Maji yalipokuja yalichukua nyumba, vitanda, vibuyu na ndama, na Gollo akavuka akiogelea, kijifuko shingoni.

Daktari mwenyewe ndiye aliyemwomba Sabdio, kwa heshima, akimwita mama, na akamwahidi atarudishiwa. Sabdio alimtazama Mbodze kwanza, kwa jicho kali, ndipo akaiachia kamba. Mbodze alichukua wembe akakata nyuzi moja moja. Karatasi ilitoka na harufu ya maziwa na moshi, kingo zimeliwa, mikunjo imechakaa. Mstari wa buluu ulikuwapo wote.

Aliitandaza karatasi juu ya meza yenye taa, na hapo akauona tena ule ukingo wa chini, mnene, mzima, haujaguswa, kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yalimjia na safari hii hakusingizia tope.

Hapakuwa na haja ya bingwa. Kwenye karatasi ya buluu shimo lilikuwa nusu ya kisahani. Kwenye picha ya mwaka jana lilikuwa limekula robo nzima zaidi. Na ile sehemu iliyobonyea kwenye picha ya asubuhi, ambayo daktari alidhani huenda mwaka jana ilifichwa na ukungu, ilikuwa palepale chini, pale ukingo ulipokuwa mnene kuliko kote. Ulikuwa bado unaliwa.

"Limesogea," alisema Daktari Liban. "Limesogea sana, na bado linasogea. Nitampasua."

"Mimi hapana taka kisu," Gollo akasema upesi.

Mdomo wa Mbodze ulikuwa haufai tena kumshawishi mtu. Alichoweza ni kulivuta benchi karibu, akamkalisha Gollo mbele ya meza, akamwekea karatasi ya buluu upande mmoja na picha ya asubuhi upande wa pili. Gollo aliinamisha jicho lake moja. Aliangalia kama anavyoangalia mnyama aliyeletwa na mtu anayedai ni wake, bila haraka, akifuata kila mstari kwa kidole bila kuugusa.

"Hii na hii si ng'ombe moja," alisema hatimaye. Akaweka kidole kwenye ule ukingo wa chini. "Hapa imeibwa." Akamgeukia Mbodze. "Nani alikula?"

"Ugonjwa, Mzee Gollo. Ile miezi ya maji, ulipokuwa huna matone. Na sasa unakula hata ukiwa nayo."

"Ikimaliza?"

"Utakuwa gizani."

Gollo alimwambia Sabdio maneno machache kwa Kiorma, naye Sabdio akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akamgeukia daktari. "Kata," alisema. "Lakini yeye akae hapo." Alimwonyesha Mbodze. "Yeye anajua jicho hii ilikuwa namna gani."

Alipasuliwa siku ya Alhamisi. Mbodze alisimama kando ya meza muda wote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa hana la kumkaripia mtu. Presha ilishuka na ikabaki chini. Kilicholiwa hakikurudi, wala hakuna aliyemwahidi Gollo kwamba kitarudi.

Daktari Liban aliitoa michoro ya Garsen kwenye utafiti wake, yote isipokuwa karatasi moja ya buluu. Hakumshtaki Mbodze kokote. Alimwambia tu kwamba mahali pasipo na kamera ataendelea kuhitaji mkono wake, na kwamba hatauliza tena kama aliangalia au hakuangalia, hilo atalijua yeye mwenyewe. Mbodze angefadhalisha barua ya onyo. Alirudi Garsen akalifungua daftari jipya, na chini ya kila mchoro kati ya ile ishirini na mitatu akaandika: *Nimechora kwa kumbukumbu.* Kisha akawatafuta wenye macho hayo mmoja mmoja na kuwaambia. Wengi waliinua mabega. Mama mmoja wa Ozi alimtukana mbele ya watu, naye akatulia mpaka mama alipomaliza, akamwomba aketi, akamchora upya. Tangu siku hiyo kila mchoro wake ulikuwa na kaboni chini, na mgonjwa aliondoka na wake.

Mwezi wa kumi na mbili Gollo alirudi kwa miadi yake. Aliketi kwenye kiti kilekile, ndani ya chumba chenye blanketi dirishani, Sabdio upande wake wa kulia.

"Usipepese," alisema Mbodze, lakini kwa upole, na Gollo akacheka.

Alichungulia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alichora kisahani, akachora shimo, akachora ukingo wa chini na ule mbonyeo wake, kama ulivyo, bila kuuongezea wala kuupunguzia. Akauweka mchoro kando ya ule aliouchora Mombasa mwezi wa sita, baada ya upasuaji. Akaipima kwa rula, akapima tena.

"Haukusogea," alisema. "Hata kidogo, Mzee Gollo. Haukusogea."

Sabdio alikwisha kutoa kijifuko cha ngozi, kimefunguliwa upande mmoja, karatasi ya kwanza imo ndani, imerudishwa kama daktari alivyoahidi, na sindano ilikuwa na uzi. Mbodze alichomoa ule ukurasa wa buluu ili ampe. Kabla hajaukunja, Gollo aliudaka akaushika karibu na jicho lake.

"Hapa chini umeandika kitu. Zamani haikuwa. Inasema nini?"

Mbodze alimsomea. "Nimechora nikiwa naliangalia."

Gollo alikitazama kile kimstari asichoweza kukisoma, kisha akamtazama yeye, kwa muda mrefu, bila kupepesa. Akampa mkewe karatasi.

"Shona," alimwambia.